Wasifu wa Baba Mkwe Niliouandika Mara Mbili

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji wa Arusha ambaye amefiwa na baba yake. Ndugu wamekaa kikao, na kazi ya kuandika wasifu wa marehemu imemwangukia yeye kwa sababu ndiye aliyesoma kuliko wote nyumbani. Aliniamkia, akaniita dada, akaniuliza aanzie wapi. Nilimjibu kwa mistari miwili ya pole na maelekezo, kisha nikaona aibu, kwa kuwa ninalo jibu refu zaidi ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu mwaka 2022, nalo linaanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, nikaolewa huku Kanada na mwanamume wa Kainai. Wakainai ni mojawapo ya mataifa ya watu wa Blackfoot, wenyeji wa asili wa huku, pamoja na Wasiksika na Wapiikani wa kusini mwa jimbo la Alberta, na ndugu zao wa Montana ambao mpaka wa Marekani uliwakuta upande wa pili. Wenyewe hujiita Niitsitapi, yaani watu halisi. Shuleni sisi tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu, na siku nilipomweleza baba mkwe jambo hilo aliunyoosha mkono wake dirishani penye jua, akaugeuza pande zote mbili, akasema labda mwalimu wetu alikutana na mtu aliyetoka kukata nyasi mwezi wa Agosti. Ardhi yao, yenye takriban kilomita za mraba 1,400, ndiyo kubwa kuliko zote walizotengewa wenyeji wa Kanada. Ninasema ardhi, sisemi hifadhi kama wengine wanavyotafsiri, kwa sababu kwetu hifadhini hukaa tembo.

Nililelewa kujua kwamba mke wa mtu hakai na baba mkwe wake wakacheka, kwa hiyo miezi ya mwanzo nilikuwa nikimwandalia chai na kutoka chumbani. Mume wangu aliona ajabu, lakini Baba hakuona ajabu hata kidogo, maana desturi ya zamani ya watu wake ilimkataza mwanamume kuzungumza na mama mkwe wake au hata kumtazama usoni. Aliniachia nafasi yangu bila kuniuliza. Aliyeivunja heshima hiyo ni chapati. Aliionja ya kwanza, akaitazama kwa muda, akasema huu ni mkate wao wa kukaanga, ila umeugua ukakonda. Nilicheka kwa sauti mbele ya baba mkwe, jambo ambalo mama yangu hajalisikia hadi leo, na tangu siku hiyo nikawa binti yake. Majina yake ya Kiblackfoot, ambayo yalikuwa zaidi ya moja kwa kuwa kwao mtu huweza kupewa jina jipya kadiri anavyopita hatua za maisha, siyaandiki hapa. Hayakuwa yangu kuyatoa.

Alifariki Januari 2022, katika wiki ambayo upepo wa joto uitwao Chinook ulikuwa umevuma na kuyeyusha theluji yote kwa siku mbili, kiasi kwamba tulimsindikiza katika matope badala ya barafu. Mume wangu hakuweza kushika kalamu. Wifi zangu walikuwa wakipika kwa ajili ya mkesha. Nikajitolea mimi kuandika wasifu wa kuchapishwa katika kijitabu cha ibada, na ninakiri kwamba nilijitolea kwa majivuno kidogo, kwani kwetu nimeandika wasifu wa marehemu wengi na watu hunisifu kwa kazi hiyo. Niliuandika usiku mmoja, peke yangu, kwa mpangilio tunaoujua sote: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, kuugua, mauti, na idadi ya watoto na wajukuu aliowaacha. Kwenye elimu nikaandika kwamba marehemu alibahatika kusoma katika shule ya bweni ya misheni, ambako alilelewa katika nidhamu na maadili mema.

Msomaji wangu wa Tanzania huenda bado hajaona kosa. Kwetu bweni ni heshima. Baba yangu mzazi aliuza machungwa ya msimu mzima ili mimi niende bweni na sanduku la bati, ndoo, na shuka mbili, na siku niliyoondoka majirani walikuja kunipongeza. Lakini huku Kanada zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji walipitishwa katika shule za bweni zilizoanzishwa na serikali na kuendeshwa na makanisa, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu ya sheria, wakakatwa nywele, wakaadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao, na maelfu hawakurudi nyumbani. Serikali iliomba radhi bungeni tarehe 11 Juni 2008. Habari hizo nilikuwa ninazijua, kama anavyozijua kila mtu anayeishi hapa. Nilikuwa ninajua pia kwamba Baba alikaa miaka minane katika shule ya namna hiyo. Hata hivyo mkono uliandika ulivyozoea kuandika.

Kijitabu kikasomwa ukumbini. Hakuna aliyenyanyua sauti, na ningependa angenyanyua mtu. Shangazi wa mume wangu, dada pekee wa Baba aliyebaki, aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake, na hakunisemesha kwa wiki sita. Mume wangu aliniambia, «Hukujua.» Neno hilo liliniuma kuliko tusi, kwa sababu nilijua. Yuko jamaa mmoja ambaye mpaka leo nikiingia dukani yeye hutoka, na sitasema kwamba haliniumi.

Basi ushauri wangu wa kwanza kwa ndugu yangu wa Arusha ni kwamba asiandike peke yake. Usomi uliokupatia kazi hiyo ndio utakaokudanganya. Unajua kupanga maneno, ukadhani unajua maisha ya mtu.

Mwezi Machi shangazi aliniita nyumbani kwake karibu na kijiji cha Stand Off. Hakuutaja wasifu wangu. Alinimiminia chai, akaanza kunieleza jinsi wazee wa Blackfoot walivyohifadhi historia kabla ya kalamu: kila majira ya baridi yalipopita, mzee aliyekabidhiwa kazi hiyo alichagua jambo moja tu la kuyakumbuka, akalichora alama juu ya ngozi au akalihifadhi kichwani, na miaka ikahesabiwa kwa mambo hayo. Mzee mmoja wa Kainai ambaye Waingereza walimwita Bad Head aliacha hesabu inayoanzia mwaka 1810. Mwaka 1833 ni mwaka nyota zilipoanguka, kwa sababu ya vimondo vya Novemba vilivyoonekana Amerika ya Kaskazini, na 1837 ni mwaka wa ndui. Nilimwambia shangazi kwamba bibi yangu naye hakuwa na tarehe ya kuzaliwa, alikuwa amezaliwa mwaka wa nzige. Akanitazama kama mtu aliyekuwa akisubiri nifike hapo. Kisha akasema, «Kaka yangu alizaliwa masika ya 1946. Ameishi majira ya baridi 75, na ya 76 hakuyamaliza. Nenda ukayatafute.»

Nilinunua daftari, nikaandika namba kuanzia 1 hadi 76. Sitawachosha kwa habari za safari zote, simu zisizopokelewa, na chai niliyokunywa katika nyumba ambazo televisheni haizimwi. Ilinichukua mwaka na zaidi. Kila niliyemwendea nilimwomba jambo moja tu la majira mamoja, tena jambo aliloliona kwa macho yake, na hilo nalishauri sana, kwa sababu ukimwambia mtu «nieleze kuhusu marehemu» atakujibu kwamba alikuwa mtu wa watu na mpenda familia, kisha atanyamaza.

Kwa njia hiyo nilimpata mtu ambaye sikuwa nimemjua. Majira ya 1964 yaliitwa ya mafuriko: mwezi Juni mabwawa yalipasuka katika ardhi ya Blackfeet, wale ndugu zao wa Montana, wakafa watu wapatao 30, na Baba, akiwa kijana wa miaka 18, alivuka mpaka na binamu yake kwenda kutafuta jamaa, akarudi baada ya siku kumi bila viatu na bila kueleza vilikokwenda. Yako majira ya farasi mwekundu, nitayarudia. Yako majira aliyoacha pombe, ambayo mwanawe alitaka tuyafiche na shangazi akakataa, akisema kuacha ni jambo kubwa kuliko kunywa. Mwaka 2008, siku ile ya kuombwa radhi, jamaa walikusanyika sebuleni kumsikiliza waziri mkuu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akaenda kuwapa farasi nyasi ingawa walikuwa wamekwisha kula. Mwaka 2016 aliendesha pikapu yake hadi Montana kuona ndama 87 wa nyati walioletwa kutoka mbuga ya Elk Island karibu na Edmonton, uzao wa nyati ambao Kanada iliwanunua huko huko Montana zaidi ya miaka mia moja kabla. Mjukuu aliyekuwa naye anasema Baba hakutoa neno hata moja mpaka ndama wa kwanza alipotoka garini na kusimama, ndipo akamsalimu: «Oki.»

Mkisoma mtaona kwamba sijataja kazi yake wala cheo chake. Alikata nyasi na kufunga marobota maisha yake yote, na sentensi hii inatosha.

Ilibaki miaka minane ya shule. Kila niliyemwuliza alikunja uso au alibadilisha mazungumzo, na nilikuwa nimekwisha kujifunza kutolazimisha. Hatimaye mjomba mmoja aliyekuwa huko pamoja naye alinipa kipande kimoja. Shule ilikuwa ndani ya ardhi yao wenyewe, alisema, na kutoka dirisha la ghorofani siku isiyo na upepo waliweza kuuona moshi wa nyumba ya mama yao. Baba alikuwa akiwaamsha wadogo asubuhi kuwaonyesha kwamba moto umewashwa, kwa hiyo mama ni mzima. Nikamwuliza mjomba kama naweza kuliandika. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema niliandike mara moja, na nafasi saba zilizobaki niziache wazi.

Ndivyo nilivyofanya, na hapa ninawaomba mnisikilize, hasa ninyi mnaoandika kwa ufasaha kama ninavyojidhania mimi. Tunapenda kuziba. Mahali tusipokuwa na habari tunatia maadili mema, uchamungu, na ukarimu, tukidhani tunamheshimu marehemu, kumbe tunamfunika mara ya pili. Acheni nafasi wazi. Waulizeni waliokuwepo, na wakikataa kusema, acheni nafasi wazi. Mwenye uchungu wake ndiye mwenye kuamua kama utasemwa, wala si mkwe, wala si msomi wa ukoo, wala si mchungaji mwenye haraka ya kumaliza ibada.

Julai 2023, familia iliandaa chakula cha kumbukumbu, wakati matunda ya saskatoon yalipokuwa yameiva kando ya mto. Kulikuwa na nyama iliyokaushwa, mkate wa kukaanga, supu ya matunda hayo, na chapati zangu kwa ombi maalumu. Kabla ya kula, kila mtu alitoa tunda moja kutoka bakuli lake, akaomba, akalirudisha ardhini kama ilivyo desturi yao. Kisha wasifu ukasomwa, safari hii kwa sauti nyingi: kila mtu alisimama akasoma majira aliyoyatoa yeye. Tulipofika miaka ya shule, mjomba alisoma habari ya moshi, halafu akahesabu kwa vidole majira saba mengine bila kusema kitu, na ukumbi mzima ukangoja hadi amalize. Nilichapisha nakala 60 na zote ziliondoka. Ninajivunia hilo, na sioni sababu ya kujifanya sijivunii.

Shangazi ndiye aliyesoma majira ambayo sikuwa nimeyaandika. Alitoa kwenye mkoba wake karatasi iliyokunjwa mara mbili, nikaitambua, moyo ukanipasuka. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa penseli: «Majira ya 2013. Alikuja mwanamke kutoka mbali, akaleta mkate uliokonda.» Akasoma hayo tu, akaikunja tena, akaketi.

Ndugu yangu wa Arusha, nunua daftari. Hesabu miaka ya baba yako na uwaendee wazee kabla ya msiba kutawanyika, ukianza na wale ambao hawana shule. Utagundua pia kwamba wafiwa hugombana, na usiogope. Farasi mwekundu wa majira ya 1971 alishinda mbio huko Cardston, hilo wote wanakubali, lakini mjomba anasema alikuwa wake na Baba aliazima tu, na shangazi anasema mjomba hajawahi kuwa na farasi anayejua kukimbia. Nimeandika kauli zote mbili kwa wino wa rangi tofauti. Mjomba alipiga simu tena Jumapili iliyopita kuuliza kama nimekwisha kuifuta ya shangazi.