Wakulima wanaopotea kwenye ripoti

SWALI: Ndugu Mhariri, natunza kumbukumbu za chama cha ushirika cha kahawa hapa Moshi. Jedwali la wakulima lina majina 300, lakini nikiliunganisha kwa SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) na jedwali la mapokezi ya kahawa, kwa INNER JOIN, naona 240 tu. Wengine wako wapi?

JIBU: INNER JOIN hurudisha mistari yenye mwenza pande zote mbili, asiyeleta kahawa anaachwa. Andika hivi:

FROM wakulima LEFT JOIN mapokezi ON mapokezi.mkulima_id = wakulima.id

Wote 300 watatokea, na pasipo na mzigo patakuwa na NULL, yaani alama ya thamani isiyokuwepo.

Wengi hukwama hapa: ukiongeza WHERE mapokezi.mwaka = 2024, wenye NULL wanatoweka tena, kwani NULL hailingani na chochote. Hamishia sharti hilo kwenye ON, kwa AND. Kuhesabu mizigo ya kila mkulima, tumia COUNT(mapokezi.id), COUNT(*) humpa 1 hata asiyeleta kitu.

Ukiunganisha na jedwali la malipo pia, chunga sana. Mkulima mwenye mapokezi 3 na malipo 2 atatoa mistari 6, na kilo zake zitahesabiwa mara mbili. Jumlisha kila jedwali peke yake kwa mkulima_id, ndipo uunganishe. Kosa hili ni zito kuliko majina kupotea, maana linagusa fedha za watu.

RIGHT JOIN ni LEFT JOIN iliyogeuzwa, huihitaji.