Nywele Zako: Mise yanaganda juu, nywele zimebaki kavu

Swali: Shikamooni. Niko Ujiji, nywele zangu ni za asili. Naziosha kila Jumamosi kwa sabuni ya mche na maji ya bomba, halafu napaka mafuta ya mise (yale ya kokwa za michikichi) asubuhi na jioni. Yanaishia kwenye foronya, nywele kavu kama majani. Nilitumbukiza unywele kwenye glasi ya maji, ukaelea. Mdogo wangu aliweka blichi. Yeye akipaka mise, saa moja tu yamepotea. Mafuta haya ni mabaya?

Jibu: Marahaba, dada. Mise hayana kosa, ila unayapaka wakati usio wake.

Jaribio la glasi liache. Unywele wenye mafuta huelea tu, hata uwe umechakaa vipi. Osha fungu moja la nywele, likauke bila kupakwa kitu, kisha nyunyizia maji. Matone yakisimama kama kwenye jani la magimbi, nywele zako ni nzito kunywa maji. Yakizama papo hapo, zinanywa haraka, na hizo hukauka haraka vilevile.

Unywele umefunikwa magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Kwa maelezo yako, ya kwako yamebanana. Ya mdogo wako yameinuliwa na blichi, mengine yamebanduka.

Sasa sabuni. Maji ya Ziwa Tanganyika, ndiyo ya bomba lako, yana hali ya magadi (pH inayokaribia 9) na madini ya magnesi kwa wingi. Magnesi ikikutana na sabuni ya mche hufanya utando usioyeyuka. Pitisha ukucha kwenye unywele mmoja: ukitoka na kitu cheupe kama nta, ndio huo. Kila siku unapaka mafuta juu yake, maji yatapitia wapi?

Jumamosi ijayo, paka vijiko 2 vya chai vya mise kwenye nywele kavu, kaa nusu saa, ndipo uoshe. Karibu nusu ya mafuta haya ni asidi ya lauriki, kama ya nazi, na hiyo hupenya ndani ya unywele. (Mawese mekundu hayana sifa hiyo, tena yanatia doa taulo.) Osha kwa shampuu, safari ya kwanza mara mbili. Paka kondishena, vaa mfuko wa nailoni, zungushia taulo iliyochovywa maji ya moto ikakamuliwa vizuri, isiunguze. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, kwa kuwa joto ndilo linalosaidia kondishena kupenya magamba yaliyobanana. Suuza, na nywele zikiwa bado mbichi paka matone 3 au 4 ya mise, basi. Katikati ya wiki nyunyizia maji tu.

Shampuu ikikosekana, malizia kusuuza kwa kijiko kimoja cha chakula cha siki katika lita moja ya maji. Hulegeza ule utando. Kichwa kikiwa na michubuko, usitumie.

Mdogo wako yeye apake kondishena nzito ya kubaki kichwani, kisha mise juu yake kuzuia maji yasitoke. Kila wiki 4 hadi 6 atumie kondishena ya protini. Nywele zikianza kukakamaa na kukatika, aipumzishe hiyo ya protini. Yai la jikoni halisaidii: protini yake ni kubwa mno kupenya, na maji ya moto huligandisha kichwani. Magamba yaliyobanduka hayaoti tena, kwa hiyo apunguze ncha kidogo kidogo kadiri nywele mpya zinavyoota.