Je, manii "hutoboa" yai kwa asidi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kadutu, Bukavu. Nafundisha kwa Kifaransa, lakini wanafunzi wakikwama nawaeleza kwa Kiswahili. Juzi nilisema "manii hutoboa yai kwa asidi". Mwanafunzi mmoja akalikataa neno asidi. Nilipaswa kusemaje?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako yuko sahihi, mshukuru. Kinachofanya kazi pale si asidi, ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini. Neno hili limetokana na kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja kitu hadi kiwe chembechembe, kama mtoto anavyomeng'enya mkate mkavu juu ya kikombe cha chai. Ndugu yake ni mmeng'enyo wa chakula. Wapo wanaoandika enzaimu, lakini hilo limepitia Kiingereza. Mtoto wa Bukavu aliyelisikia kwa Kifaransa atasema anzimu, na mwenzake wa Arusha atabaki anashangaa. Kimeng'enya kinawatosha wote wawili.

Manii ni majimaji yote. Seli moja inayoogelea ndani yake ni mbegu ya kiume, nayo ndiyo inayolifikia yai. Kichwani imevaa kifuko kama kofia, akrosomu, chenye vimeng'enya, kimojawapo akrosini.

Penye uzito ni kitenzi. Ukisema kutoboa, msikilizaji anaona msumari: vimeng'enya vimechimba tundu, kazi imekwisha. Hata wataalamu waliiamini sana akrosini, mpaka mwaka 1994 ilipoonekana kwamba panya dume wasio nayo bado wanazalisha, ila mbegu zao huchelewa kuvuka utando wa yai. Mwaka 2020 hamsta, wanyama wadogo wa jamii ya panya, wakaonyesha kinyume: mbegu zao zisizo na akrosini zilikwama kwenye utando huohuo. Kwa hiyo kazi ya kimeng'enya hutofautiana kwa mnyama na mnyama, na msukumo wa mkia wa mbegu nao una sehemu yake. Kupenya kunayabeba yote hayo. Mama mwenye beseni kichwani, soko la Kadutu likiwa limefurika, hatoboi watu. Anapenya, huku akisukuma, huku akipishwa.

Ubaoni andika: "Mbegu ya kiume hupenya utando wa yai kwa nguvu ya mkia wake na kwa msaada wa vimeng'enya." Wasomee kwa sauti, wasikie ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma.