Dogo, funga valvu ya mtungi kwanza, hiyo chati si ya gari lako

Salamu tutapeana baadaye. Hiyo picha ya chati ya jeti za nitrasi uliyoweka, unayosema umetumiwa na mshikaji wa Marekani, pale juu pembeni imeandikwa 58 psi, yaani presha ya petroli. Umeiona? Hujaiona. Na mimi sikuiona, ndiyo maana nina pistoni kabatini iliyoliwa ukingo kama muwa uliopitiwa na panya. Mke wangu anauliza kila mwaka kwa nini siitupi.

Umeuliza hivi: una Altezza ya 1G-FE, umenunua seti ya mtumba ya nitrasi, gesi ya kuiongezea injini nguvu, ile inayomwaga gesi na petroli kwa pamoja, karatasi zake zimepotea, unataka uongeze farasi 75. Uweke jeti, kile kipande chenye tundu cha kupimia gesi au petroli, namba ngapi, plagi gani, taiming (wakati wa plagi kutoa cheche) urudishe nyuma kiasi gani, mtungi ujaze wapi hapa Dar. Na nimeona watu wanne wameshakutajia namba za jeti. Wanne! Hakuna hata mmoja aliyekuuliza presha ya mafuta ya gari lako ni ngapi. Hao ndio watakaokuwa wa kwanza kuandika "pole mkuu" ukija na picha za injini iliyofumuliwa.

Mimi nilikuwa naishi Leicester, nikawa na Lexus IS200. Ni hiyo hiyo Altezza yako iliyobadilishiwa jina, injini ile ile, silinda sita za mstari, lita 2, na farasi 155 wanaokufanya upitwe na Noah ya abiria ukipanda Kitonga. Nikanunua seti ya mtumba kama wewe. Nikapata chati kwa fundi mmoja mwenye gereji nyuma ya maghala, mtu wa maneno mengi, ukutani kabandika picha zake akiwa na vikombe. Nikamwonyesha seti, akatoa karatasi droo ya juu, akazungushia mstari mmoja kwa kalamu nyekundu. "Gesi hii, petroli hii." Nikamuuliza, hii chati ni ya gari gani? Akanijibu chati zote ni moja, jeti ni tundu tu. Pauni 180 nilimlipa. Kwa hilo neno "tundu tu".

Kweli ni tundu. Ila tundu halipitishi kitu bila kusukumwa, na kinachopita kinategemea msukumo. Namba ya jeti kwa Wamarekani wengi ni upana wa tundu kwa sehemu za elfu za inchi, basi: 20 ni inchi 0.020. Namba hiyo haijui pampu yako inasukuma kiasi gani. Aliyeandika chati alikuwa na presha fulani ya petroli upande mmoja na presha fulani ya mtungi upande wa pili, mara nyingi karibu 950 psi, na namba zake ni kweli kwa presha hizo tu. Chati niliyopewa mimi, na hiyo uliyopewa wewe naona ni ndugu yake, ni ya magari ya V8 ya Marekani ambayo reli zao, ile mirija inayogawia injekta petroli, zinakaa 58 psi. Lexus yangu, geji ilisoma 44. Na hiyo 44 niliipima pampu ikiwa inazunguka tu, hakuna petroli inayotoka, nikajipongeza kwamba nimepima! Nilijiona mhandisi.

Sasa sikiliza hapa. Kinachopita kwenye tundu kinafuata kipeuo cha pili cha presha. Chukua 44 gawanya kwa 58, tafuta kipeuo cha pili, unapata 0.87. Tayari petroli imepungua asilimia 13 na gari halijatoka nyumbani. Lakini valvu ya umeme ikifunguka, petroli ikaanza kukimbia, ile 44 haibaki 44. Pampu yangu ilikuwa ya tangu gari linazaliwa, filta sikumbuki ilibadilishwa lini, na mrija wa petroli wa seti ya nitrasi niliuunga kwenye njia nyembamba kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi kufikia. Baadaye, maiti ikiwa imeshalala, nilipima petroli ikitiririka. Geji ikashuka 36. Fanya tena: 36 kwa 58, kipeuo chake 0.79. Asilimia 21 ya petroli haipo. Na usisahau injekta za injini zinanywa reli hiyo hiyo, kwa hiyo nazo zilikuwa zinakosa.

Ungekuwa upungufu wa petroli kwenye hewa ya kawaida, gari lingekohoa, likakosa nguvu, ukarudi nyumbani umenuna. Nitrasi haikupi hiyo nafasi. Nitrasi yenyewe haiwaki. Ikifika kama nyuzi 300 za joto inavunjika na kuachia oksijeni, na oksijeni ni asilimia 36 ya uzito wake, wakati hewa unayovuta wewe ina 23 hivi. Umemwaga oksijeni kwenye moto. Petroli ya ziada ndiyo inayoipa kazi ya kufanya na kuupoza moto, ndiyo maana chati za watengenezaji zina petroli nyingi kuliko hesabu ya kemia inavyodai. Ikikosekana, joto linatafuta kitu kingine cha kula. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na ya pistoni, kwa kuwa imechanganywa, haifiki hata hapo.

Na sikuishia hapo, mimi ni mtu wa kukamilisha mambo. Nilikwenda Santa Pod, kile kiwanja cha zamani cha ndege za vita kule Bedfordshire ambacho kimekuwa cha mbio za robo maili tangu 1966. Siku zao za wazi unaweza kulipa kiingilio ukakimbiza gari lako la kwenda kazini. Ilikuwa Oktoba, baridi ya kukata masikio. Mtungi ukiwa kwenye nyuzi 10 presha yake haifiki hata 600, kwa hiyo watu wanauvalisha blanketi la umeme. Langu halikuwa na swichi ya kujizima. Nikaenda kununua chipsi. Foleni ya chipsi Uingereza unaijua? Nimerudi, geji ya mtungi inasoma 1,100. Nikasema presha zaidi, nguvu zaidi, leo watanitambua.

Kwa kukisia tu, maana kwa presha hiyo hesabu inaanza kudanganya: 1,100 kwa 950, kipeuo cha pili ni karibu 1.08. Gesi imeongezeka kama asilimia 8, petroli imepungua 21. Gawanya moja kwa nyingine: kwa kila tone la petroli, gesi imezidi mpango kwa zaidi ya theluthi moja.

Mkimbio wa kwanza ulikuwa mtamu. Naomba uliandike hilo mahali: ULIKUWA MTAMU. Gari likikosa petroli kidogo kwenye nitrasi linavuta vizuri sana, ndiyo uongo wake. Wa pili mtamu zaidi. Nikapiga simu Morogoro kumwambia kaka yangu, pesa yake niliyokuwa nadaiwa inaweza kusubiri, nimepata kipaji. Wa tatu, katikati ya njia, nikasikia kama mtu ametikisa kopo lenye misumari, mara moja tu, kisha moshi wa bluu kwenye kioo cha nyuma. Nikauacha mguu sekunde moja zaidi. Hiyo sekunde moja naiota hadi leo.

Plagi ya silinda ya sita ilitoka bila ncha. Nyingine zilikuwa na punje ndogo za kung'aa juu ya kauri nyeupe, kama mtu amezinyunyizia unga wa fedha. Nikafurahi kwamba zimeungua safi. Mzee mmoja wa gari la jirani akaziangalia, akaniangalia mimi, akasema kwa upole, "Hiyo ni pistoni yako, kijana." Mbanano (kompresheni) wa silinda ya sita haukufika hata nusu ya wenzake. Injini nyingine ya mtumba, kuibeba, kuifunga, gasketi, oili: kwa hesabu ya chini ni zaidi ya bei niliyonunulia gari. Nilirudi nyumbani kwa lori la kukokota, dereva wake anasikiliza kriketi redioni saa mbili nzima, hajanisemesha.

Nikamrudia fundi wa vikombe. Unajua alisema nini? "Labda mafuta yako yalikuwa na maji." Sikumjibu. Nilimwomba karatasi yake tu niiangalie tena, na pale juu pembeni, maandishi madogo kuliko ya mkataba wa mkopo: 58 psi. Kalamu yake nyekundu ilikuwa imepita juu yake.

Kwa hiyo kabla ya jeti, kabla ya plagi, kabla ya kutafuta pa kujaza: pima presha ya petroli IKITIRIRIKA. Chomoa mrija wa petroli kwenye nozeli ya nitrasi, uelekeze kwenye dumu la chuma, jeti ikiwa bado kwenye ncha ya mrija. Fanyia nje, injini imezimwa na imepoa, mtungi wa gesi umefungwa kabisa na mrija wake umetolewa, mtu mwingine ameshika kizimamoto, na mvuta sigara yeyote apelekwe kwa jirani. Geji ikae karibu na valvu ya petroli, isiwe kule kwenye pampu. Washa pampu peke yake, fungua valvu ya petroli sekunde 10, soma geji wakati inatoka. Ilichosoma kabla petroli haijatoka kiandike pembeni, si cha kuhesabia jeti. Kama inashuka inashuka tu sekunde zote 10, usiguse hesabu ya jeti, nenda kwenye pampu na filta. Kisha utarudia gari likiwa barabarani kwa mzigo bila nitrasi, geji imefungwa kwa gundi nje ya kioo cha mbele uione, USIINGIZE mrija wa petroli ndani ya gari. Maana kule kwenye dumu injekta zilikuwa zimelala, huku zinanywa. Barabarani nina maana ya kiwanja chenye ruhusa, sina maana ya Bagamoyo Road saa nane usiku.

Ukishaipata namba ya kweli ndipo chati inakuwa na maana. Kama chati ni ya 58 na wewe una 36, gawanya 58 kwa 36, tafuta kipeuo cha pili, halafu kipeuo cha pili tena. Mara mbili, kwa sababu tundu lenyewe linapitisha kwa mraba wa upana wake. Inatoka 1.13. Jeti ya petroli iliyoandikwa 20 inatakiwa iwe 22 na nusu, unaweka 23, unamiminia zaidi kisha unapunguza polepole ukisoma mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye geji ya moshi wa ekzosi. Huo mraba ndio pia jibu kwa yule aliyekwambia ukitaka nguvu mara mbili uweke jeti ya namba mara mbili. Jeti ya 40 inapitisha mara nne ya 20, si mara mbili. Mpe pole zake mapema.

Farasi 75 kwa injini isiyoguswa yenye pampu ya zamani mimi sianzi nao. Anza na jeti ndogo kabisa ya seti yako. Taiming wengi hurudisha nyuzi 2 kwa kila farasi 50, ni pa kuanzia tu. Blanketi la mtungi, kwa Dar, liuze. Buti la gari lililoegeshwa juani Kariakoo litakupikia mtungi bure, na ukipita nyuzi 36 na kidogo ile gesi si kimiminika tena, hata kipeuo changu hakikusaidii.

Plagi na mahali pa kujaza umeuliza, najua. Wale wanne wakujibu, wana muda. Mimi nataka uniletee namba mbili: presha ikiwa imesimama na presha ikitiririka. Picha ya ile chati usinitumie tena.