Kona ya Gereji: Breki imeshika, haiachii

*Shikamoo mama fundi. Nina IST ya mwaka 2004, naishi Kimara na kazi yangu iko Posta. Tangu Juni gurudumu la mbele kushoto linapata moto. Nikifika kazini nasikia harufu kama ya nguo iliyosahaulika chini ya pasi, na gari linavuta kushoto. Asubuhi likiwa limepoa halina shida. Nimebadilishiwa pedi mara mbili ndani ya miezi mitano, sasa naambiwa ninunue kalipa. Mume wangu ana jeki na spana. Tunaweza kujua wenyewe tatizo liko wapi kabla ya kutoa hela?* – Msomaji wa Kimara Korogwe

Marahaba mwanangu. Mnaweza, na kalipa msinunue kwanza. Pedi mbili ndani ya miezi mitano si ugonjwa wa pedi. Pedi ndiyo inayochinjwa, mchinjaji yuko kwingine.

Watu wengi wanadhani ndani ya kalipa, kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski, kuna springi inayoirudisha pistoni, yaani chuma kinachosukuma pedi. Hakuna. Kuna mpira wa duara umeikumbatia pistoni. Ukikanyaga, mpira unajipinda kidogo, ukiachia unajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ya milimita. Basi, hiyo ndiyo nguvu yote ya kuachia breki. Kutu kidogo, pini iliyokauka au mafuta ya breki yaliyonaswa njiani vinatosha kuishinda. Na sisi Dar tuna hewa ya bahari yenye chumvi, na masika tunapita kwenye madimbwi ya Jangwani kama mitumbwi. Breki inakunywa yote hayo.

Jaribio lifanyike gari likiwa limetoka kutembea na breki imeshika, maana likipoa mtalizungusha gurudumu na kuambiana kwamba mlikuwa mnaota. Zungukeni mtaani mpaka harufu ije, kisha egesheni mahali tambarare. Kwanza sogeza mgongo wa mkono karibu na rimu ya kushoto, halafu ya kulia, bila kugusa. Tofauti utaisikia. Maji msimwage, diski ya moto ikimwagiwa maji inaweza kupinda.

Vutieni hendibreki, wekeni mawe nyuma na mbele ya matairi ya nyuma, legezeni nati za gurudumu, pigeni jeki, na chini ya gari muweke stendi ya chuma. Jeki peke yake siiamini, nimeshaona ikilala. Gia iwe N. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya: gari la otomatiki likiwa kwenye P huku gurudumu moja la mbele liko juu na lingine liko chini, la juu halizunguki hata breki ikiwa nzima kabisa.

Zungusheni kwa mkono. Gurudumu zima linazunguka kidogo huku likikwaruza kwa mbali, huo mkwaruzo ni wa kawaida. Lililoshika linasimama palepale ulipoachia mkono.

Sasa vueni tairi mtafute nipeli ya kutolea upepo, nyuma ya kalipa, yenye kofia ya mpira. Vaeni miwani. Ingizeni spana ya ringi kwanza, kisha kimpira cha plastiki juu ya nipeli, ncha nyingine ndani ya chupa ya soda, mlegeze robo mzunguko. Macho yawe kwenye diski na kwenye chupa kwa pamoja. Mafuta yakiruka na diski ikawa huru hapohapo, kalipa haina kosa, mafuta yalikuwa yamefungiwa humo. Yakitoka kivivu na diski bado imekaza, basi tatizo ni la kalipa yenyewe: pini au pistoni. Mnaona? Robo mzunguko wa spana unawaambia kitu ambacho pedi mbili hazikuwaambia. Fungueni nipeli kabla ya kufungua pochi.

Nieleze kwa nini nalishupalia hili. Nilijifunza ufundi uani kwa mjomba, Buguruni, miaka ya tisini. Ililetwa Peugeot 504 pikapu, gurudumu la mbele linashika. Nikabadilisha kalipa, nikiwa na uhakika wote wa ujana. Baada ya wiki ikarudi. Nikasema kalipa ya mtumba ilikuwa mbovu, mteja akanunua ya pili. Ikarudi tena. Mjomba hakunigombeza. Alifungua mpira wa breki, ule unaotoka kwenye bomba la chuma kwenda kwenye kalipa, akauweka juu ya kibao akaupasua kwa wembe kwa urefu. Nje ulikuwa mweusi, mzima, hauna hata ufa. Ndani tundu lilikuwa limevimba hadi kubaki jicho la sindano, na kipande cha mpira kimebanduka, kimelala kama ulimi. Unapokanyaga pedali, mguu wako una nguvu, mafuta yanausukuma ule ulimi na kupita. Ukiachia, hakuna wa kuyasukuma kurudi. Yanakaa pale yameshika breki, na usiku kucha yanarudi tone kwa tone. Asubuhi gari jepesi. Zile kalipa mbili nilizilipa mimi, kwa kukatwa ujira wangu mpaka Idi.

Kwa hiyo barua yako iliposema asubuhi halina shida, mawazo yangu yalikwenda kwenye mpira. Lakini msiniamini mimi, aminini gari. Diski ikiachia kwa nipeli, kaza nipeli, washa injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka ishike tena. Zima. Safari hii legeza kiungo cha juu, pale bomba la chuma linapokutana na mpira. Nati yake ni laini, spana ya mdomo iliyochoka itaila, azimeni spana ya bomba. Diski ikibaki imekaza hapo lakini ikaachia kwa nipeli, mpira umekufa. Nunueni miwili, wa kushoto na wa kulia, maana wamezeeka pamoja. Diski ikiachia kwa kiungo cha juu, mpira hauna kosa, kizuizi kiko juu zaidi, na hapo masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali, ndiyo ya kuchunguzwa. Ila masta silinda ikikosea mara nyingi haishiki gurudumu moja tu.

Na kama nipeli haikusaidia kitu, fungueni boliti mbili za kalipa. Kalipa isining'inie kwa mpira wake, ifungeni kwenye springi ya shokapu kwa kamba ya mpira wa baiskeli. Vuteni pini mbili inazotelezea. Pini nzima inatoka kwa vidole ikiwa na grisi. Iliyougua inatoka kwa kuzungushwa na koleo, ina rangi ya kahawa. Isafisheni, ipakeni grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya bearingi hapana, inavimbisha mpira na baada ya mwezi mtaniandikia tena. Kisha sukumeni pistoni ndani kwa klempu, taratibu, nipeli ikiwa imelegezwa ili mafuta ya zamani yatoke badala ya kurudi juu. Ikiingia laini, iko salama. Ikisugua na kukwama, tazameni uso wake. Kutu ya juujuu chini ya kifuniko cha vumbi inasameheka, lakini yenye mashimo haisameheki. Hapo sasa kalipa, au ripea kiti (seti ya mipira mipya ya kalipa) pamoja na pistoni mpya, ni hela halali.

Vumbi la pedi msilipulize, lipanguseni na kitambaa kibichi. Na mkishafungua bomba lolote lazima mtoe upepo: mmoja anakanyaga, mwingine kwenye nipeli, huku mkiangalia kikopo cha mafuta kisikauke. Mafuta ni DOT 3 au DOT 4, kama yalivyoandikwa kwenye kifuniko, kutoka kopo jipya. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji inaruhusiwa kushuka hadi 140, na breki inayoshika inapita hapo bila shida. Pedali ikiwa laini kama godoro, gari haliondoki hata kwenda dukani. Mume wako achukue basi hadi Gerezani, mpira wa zamani mfukoni, alinganishe urefu na ncha zote mbili kabla ya kulipa.

*Fundi, nilisafiri Tanga wiki tatu kipindi cha mvua. Gari nililiacha nje Tabata na hendibreki juu. Nimerudi, tairi moja la nyuma halizunguki kabisa, linaburuzwa.* – Msomaji wa Tabata

Ndugu yangu, viatu vya breki vimegandana na drumu kwa kutu. Acha kulikanyagia mafuta, utabandua laini ya kiatu ibaki drumuni. Shusha hendibreki, weka gia P na mawe magurudumu ya mbele, vua tairi, gonga ukingo wa drumu kwa nyundo yenye kipande cha mbao, ukizunguka pande zote. Kwa kawaida utasikia "tak" na imeachia. Isipoachia, huenda waya wa hendibreki umeingia maji na hauteleziki. Tazama kama unarudi ukishusha mkono wa hendibreki. Safari nyingine acha P na mawe, hendibreki ibaki chini.

*Mama, bodaboda yangu nimekaza breki ya nyuma juzi, sasa drumu linachoma na mafuta hayakai.* – Dereva, Mbagala Rangi Tatu

Umekaza mno, mwanangu. Pedali ishuke bure sentimita 2 hadi 3 kabla breki haijaanza kushika. Legeza ile nati ya breki uliyoikaza kidogokidogo, inua gurudumu, lizungushe, na angalia taa ya nyuma isibaki inawaka.