Dirisha la Dawa: vidonge vya Jumatatu na panya wa Tennessee

SWALI: Shikamoo dada mfamasia. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 43, naishi Tanga. Mwaka jana vidole vilianza kuvimba na kukakamaa kila asubuhi, mkasi siwezi kuushika mpaka saa nne. Hospitalini wakasema ni baridi yabisi ile ya rumatoidi, wakaniandikia methotreksati, vidonge vinne kila Jumatatu. Nimesoma karatasi iliyomo kwenye boksi, nikakuta eti ni dawa ya saratani. Nikaogopa. Jirani ana vidonge vya predinisoloni. Nikimeza kimoja, jioni hiyohiyo nashona. Sasa kaka yangu amenitumia habari kwamba Mjapani kapata tuzo ya Nobel kwa kugundua namna ya kuituliza kinga ya mwili. Niache haya yote nisubiri dawa hiyo? – *Fundi, Tanga*

JIBU: Marahaba, fundi. Habari ya kaka yako ni ya kweli, ila washindi walikuwa watatu. Tuzo ya tiba ya mwaka 2025 walipewa Shimon Sakaguchi wa Japani, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani.

Mimi kisa hiki nakipendea panya wake. Miaka ya 1940, huko Oak Ridge, Tennessee, kulikuwa na maabara iliyochunguza madhara ya mionzi, enzi zile za kutengeneza bomu la atomiki. Wakazaliwa panya madume wenye ngozi ya magamba, wengu na tezi zimevimba, wakiishi wiki chache tu. Kinga yao wenyewe ndiyo iliyokuwa inawala. Brunkow na Ramsdell waliisaka jeni iliyoharibika mpaka wakaipata, na mwaka 2001 wakaitangaza: Foxp3. Sakaguchi naye mwaka 1995 alikuwa ameshaonyesha kwamba kati ya seli T, askari wa kinga walio kwenye damu, zipo ambazo kazi yake ni kuzizuia nyingine zisiushambulie mwili. Baadaye ikathibitika kwamba Foxp3 ndiyo inayozitengeneza seli hizo. Wewe seli za kuzuia unazo, fundi, ila kwenye viungo vya vidole vyako zimezidiwa, ndiyo maana kinga yako inavishambulia.

Lakini kutoka kwenye panya mpaka kwenye dirisha langu ni safari ndefu. Wapo wanaojaribu kuzizidisha seli hizo kwa wagonjwa, na bado ni majaribio. Rumatoidi haimsubiri mtu. Huanza kula gegedu na mfupa mapema, na mfupa ukishalika haurudi, hata uvimbe ukija kutulia. Kwa mtu anayekula kwa vidole vyake, mwaka mmoja wa kungoja ni ghali.

Kwa hiyo rudi kwenye vidonge vyako vya Jumatatu. Karatasi haijakudanganya, dawa hii ilianza kwenye saratani. Ila huko hutolewa kwa dozi kubwa mara nyingi kuliko yako. Vidonge vinne vya miligramu 2.5 ni miligramu 10 kwa wiki, na kwa kiwango hicho kazi yake ni kuipunguzia kinga ukali. Marekani waliiidhinisha kwa rumatoidi mwaka 1988, na mpaka leo ndiyo wanayoanza nayo madaktari wengi duniani, hata wale wenye sindano za bei mbaya kabatini. Kasoro yake ni uvivu: nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Ndiyo maana kidonge cha jirani kinaishinda mbio.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo watu wanapofia. Methotreksati ni mara moja kwa wiki. Si kila siku. Mwaka 2019 wakala wa dawa wa Ulaya ulilazimika kutoa hatua mpya kwa sababu watu walikuwa wanaimeza kila siku, na wengine walikufa. Ikiwa Ulaya kwenye maboksi yenye maandishi wanakosea, fikiria sisi na bahasha zetu za kaki. Nimewahi kupokea bahasha kutoka duka jingine, ndani methotreksati, juu imeandikwa "1x1", yaani kimoja kila siku, kama Panadol. Mwambie anayekuhudumia aandike JUMATATU kwa herufi kubwa, na kama hana kalamu mpe yako. Ukipata vidonda mdomoni, homa, au kuharisha kusikoisha, acha kumeza na uende hospitali siku hiyohiyo.

Jambo la pili ambalo hukuuliza: Septrin. Kwetu inanunuliwa kama pipi, kwa kikohozi, kwa mkojo, kwa tumbo. Ikikutana na methotreksati inaweza kuuangusha uboho usitengeneze damu. Usiichanganye, na kila duka utakaloingia taja kwanza dawa unayotumia. Asidi ya foliki uliyopewa meza siku tofauti na Jumatatu, kipimo cha damu, ini na figo usikikwepe, na kama bado una nia ya kuzaa, zungumza na daktari kabla ya mimba. Dawa hii huharibu mtoto tumboni.

Predinisoloni siichukii. Ndugu yake, kotisoni, alipochomwa mwanamke mmoja wa rumatoidi kule hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, mwezi Septemba 1948, baada ya siku chache alitoka kwenda madukani kwa miguu yake. Dunia ikashangilia, Nobel ikatolewa mwaka 1950, halafu yakafuata yale tunayoyaona mitaani: uso wa mviringo, sukari kupanda, mifupa kudhoofika. Daktari anaweza kukupa kwa wiki chache kukuvusha wakati methotreksati inajikongoja, kisha akaipunguza. Ya jirani haina mpango wowote. Na kama umeimeza kila siku kwa zaidi ya wiki tatu, usiikate ghafla. Tezi zako zimeacha kutengeneza homoni yake, na mtu anaweza kuzimia. Mwambie daktari ukweli. Hatakupiga.

SWALI: Assalaam alaykum. Binti yangu ana lupasi. Nimesikia Ujerumani wanaiponya kwa kuzibadili seli za damu. Niuze shamba? – *Baba, Mombasa*

JIBU: Waalaykum salaam. Usiuze.

Lupasi nayo ni kinga kuushambulia mwili wake yenyewe, na ulichosikia kipo. Ni kazi ya Georg Schett na wenzake wa Erlangen: wanatoa seli T za mgonjwa, wanazibadili maabara ziwinde seli B, zile seli za kinga zinazochochea ugonjwa, kisha wanamrudishia. Februari 2024 walitangaza wagonjwa 15, wanane kati yao wa lupasi. Wote wanane ugonjwa ulitulia na wakaacha dawa za kuikandamiza kinga. Hata mimi niliisoma taarifa ile mara mbili. Lakini wagonjwa 15 ni wachache, na kabla ya kurudishiwa seli mtu hupigwa kemotherapi.

Majaribio halali hayamtozi mgonjwa bei ya matibabu. Akitokea mtu kwenye ukumbi wa hoteli anauza "seli shina" za lupasi kwa dola, ondoka.

Binti apate hidroksiklorokwini yake kila siku, apimwe macho, na apimwe mkojo hata akijisikia mzima, maana figo haziumi zinapoharibika. Jua alikinge kwa mtandio na mikono mirefu.

SWALI: Manjano na tangawizi vinatosha kuondoa uvimbe wa viungo? – *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Kwenye mchuzi, tia upendavyo. Vidonge vya manjano vilivyokolezwa ni jambo jingine: mwili hufyonza kidogo sana, na wapo walioharibika ini kwa kuvimeza. Fedha hiyo nunulia samaki.