Niambie, ila niulize kwanza

Mmeuliza wiki hii: je, daktari amwambie mgonjwa waziwazi kwamba unene unamdhuru, na kwamba kupungua ni jukumu lake mwenyewe? Nasema amwambie, tena mapema.

Miaka sita nilihudhuria kliniki moja hapa Kisumu kwa ajili ya magoti. Kila mara nilipewa dawa za maumivu, nikarudi kwenye kibanda changu cha mitumba Kibuye. Hakuna aliyetaja uzito. Sokoni nako naambiwa, "Mama, umenawiri!" maana kwetu mwili ni ushahidi kwamba nyumbani mambo ni mazuri. Ningejuaje? Kisha siku moja muuguzi akanifokea mbele ya foleni nzima: "Punguza kula!" Nilikaa mwaka mzima bila kukanyaga hospitali, presha ikipanda kimyakimya.

Aliyenisaidia ni daktari kijana, rika la mwanangu. Kwanza alitafuta mkanda mpana wa kupimia presha, akanieleza kwamba ule mdogo ukibana mkono mnene, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Halafu akafunga mlango. "Mama, unaniruhusu tuzungumzie uzito wako?" Nikakubali. Hakuzungukazunguka: kilo 98 kwa urefu wa sentimita 160 ni unene wa kupindukia, ndio unaolemea magoti na kupandisha presha, na ugonjwa wa sukari uko mlangoni. Nililia. Akangoja. Akasema hataki nirudi kuwa msichana. Hata kilo tano zikitoka, nitaona nafuu.

Tukahesabu chai yangu: vikombe vitano, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja. Vijiko 15 kwa siku! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama 12, soda ikiwemo. Hapo jukumu likawa langu kweli, maana sasa nilikuwa na pa kulishikia. Ugali hakunikataza. Alichora sahani: nusu mboga, robo ugali, robo samaki.

Lakini nakaa kibandani tangu alfajiri hadi jioni, na chakula cha karibu chenye bei ninayoimudu ni chapati na mandazi. Daktari anayesema "ni juu yako" bila kuuliza hayo hajasema ukweli wote. Wangu aliuliza, ndipo tukapanga nifungashe chakula kutoka nyumbani.

Siku hizi bodaboda ananishusha Kondele, natembea hadi sokoni. Mwezi uliopita mizani ilisoma 91. Daktari akanigeuzia kitabu nikaisoma namba mwenyewe.